Map of the Soul: 7 ya BTS: albamu ninayoipenda vipande vipande

Ijumaa ya tarehe 21 Februari 2020 niliwaambia wateja wangu mapema kwamba kuanzia saa sita mchana sipokei kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, kibanda changu hakiko mbali na stendi ya Msamvu, na Ijumaa ndiyo siku watu wanayofuata nguo za harusi za Jumamosi, kwa hiyo kusema vile si jambo dogo. Lakini BTS, lile kundi la vijana saba wa Korea Kusini, walikuwa wanatoa albamu yao ya Map of the Soul: 7 saa kumi na mbili jioni ya Seoul, na sisi tuko nyuma yao kwa saa sita. Bando nilishaweka asubuhi. Usiku wake sikulala mapema, maana saa sita usiku kipande cha sekunde 30 cha wimbo wake mkuu, ON, kilitangulia TikTok, na mimi na mdogo wangu tulikirudia mpaka simu ikazima.

Nimeishi na albamu hii zaidi ya miaka mitano sasa. Nimeisikiliza kuliko albamu nyingine yoyote ya Kikorea, na bado nikiulizwa kama ni nzuri, sina jibu la neno moja. Kuna nyimbo humu zilizonishika mkono wakati mgumu. Na kuna mambo yaliyoniuma siku ile ya kwanza ambayo hayajaacha kuniuma.

Nianze na la kuniuma. Saa sita ilipofika nikavaa hedifoni, nikabonyeza, na nyimbo tano za kwanza zote nilikuwa nazijua kwa moyo. Intro: Persona, Boy With Luv, Make It Right, Jamais Vu na Dionysus zilikuwa zimeshatoka Aprili 2019 kwenye albamu ndogo ya Persona. Albamu hiyo ninayo. Nimeilipia, nimeisikiliza mpaka kona zake zimechakaa. Kwa dakika 18 nzima nilikaa pale nikisikiliza mwaka uliopita, huku mdogo wangu akiniangalia kusubiri nimwambie ikoje.

Najua Wakorea wana mtindo huo, kutoa albamu ndogo kisha kuja na kubwa inayoibeba ile ndogo mgongoni. BTS wenyewe walishatoa Young Forever mwaka 2016 na Love Yourself: Answer mwaka 2018 kwa namna hiyo, na sikulalamika, kwa sababu zile ziliitwa mkusanyiko. Hii ilitangazwa kama albamu kamili, ya nne kwao ya Kikorea. Mteja akiniletea kitambaa kipya cha gauni, nikamrudishia gauni ambalo kifua chake nimekitoa kwenye nguo yake ya mwaka jana, hata kama nimeshona vizuri kiasi gani, ana haki ya kuniuliza.

Halafu ukaja wimbo wa sita, Interlude: Shadow wa Suga, na nikasahau kulalamika. Suga ndiye kipenzi changu kundini tangu mwanzo, kwa hiyo usinichukulie kama shahidi asiye na upande. Lakini wimbo huu una kitu. Jina zima la albamu limetoka kwenye kitabu cha Murray Stein kinachofafanua mawazo ya mwanasaikolojia Carl Jung: Persona ni ile sura tunayowaonyesha watu, Shadow ni kivuli tunachokificha, Ego ni ile nafsi inayosema mimi. Suga kapewa kivuli. Anasema alitaka kupaa, sasa yuko juu, na akitazama chini anaogopa, kwa sababu kadiri mwanga unavyomwangaza ndivyo kivuli chake kinavyorefuka. Katikati mdundo unageuka ghafla na sauti inabadilika kama mtu mwingine kaingia chumbani. Mlio wa mwanzo wameutoa kwenye utangulizi wa O!RUL8,2?, albamu yao ndogo ya mwaka 2013. Marapa wenzake walifanya hivyohivyo, RM kwenye Persona na J-Hope kwenye Outro: Ego, kila mmoja akichukua utangulizi wa mojawapo ya zile albamu zao za mwanzoni zilizohusu shule. Kwa shabiki wa muda mrefu hilo linatosha kukutoa machozi.

Mpangilio wa mle ndani ndio ulionichanganya. Baada ya Black Swan, ambao nitaurudia, zinakuja Filter ya Jimin na My Time ya Jungkook. Filter ina mahadhi ya Kilatini, Jimin anaimba kwa madaha, ni nzuri, na ikiisha imeisha. My Time nimeipenda zaidi. Jungkook alizaliwa Septemba 1997 na kundi lilianza tarehe 13 Juni 2013, yaani alikuwa na miaka 15. Anaimba kuhusu ujana uliompita akiwa njiani, akikimbia wakati wenzake wanatembea. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikiwa na miaka 16, baada ya baba kufariki. Sifananishi jukwaa na kibanda, ila hilo la kuona wenzako wa shule wanapita barabarani na sare zao, wewe una futikamba shingoni, nalijua.

Adhana ya adhuhuri ilinikuta katikati ya UGH!, wimbo wa 12. Humo RM, Suga na J-Hope wanachana kwa hasira kuhusu hasira yenyewe, ile ambayo watu wanaitupa kwa wasiowajua ili mradi kuumiza. Nikazima palepale. Baada ya kelele ile, kibanda kikawa kimya, na adhana ikaingia kutoka barabarani. Nikatandika mswala nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikaswali. Niliporudi, wimbo uliofuata ulikuwa 00:00.

Waimbaji wanne, Jin, Jimin, V na Jungkook, wanaimba kuhusu siku iliyokwenda vibaya bila sababu ya maana, na jinsi saa inavyofika sifuri na kuanza upya. Ilinichukua muda kuielewa hiyo sifuri. Saa yetu ya Kiswahili haina sifuri. Usiku wa manane kwetu ni saa sita, katikati ya giza, na hakuna anayeiona kama mwanzo wa kitu. Siku yetu inaanza alfajiri, kazi inaanza saa moja. Lakini nilipoangalia simu yangu usiku ule ikaonyesha zile sifuri nne zimejipanga, nikaelewa wanachosema. Hakuna kilichobadilika, ila tarehe ni nyingine.

Mwezi uliofuata shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na harusi zikaahirishwa moja baada ya nyingine. Magauni sita ya wasimamizi yalikaa kwenye msumari hadi yakaanza kushika vumbi. Nikageukia barakoa. Kitenge nje, bitana ndani, marinda matatu, mpira wa masikioni pande mbili. Nilikuwa nashona mpaka 80 kwa siku, na mdogo wangu, aliyerudi kutoka bweni, alikuwa anakata. Kuna siku nilikuwa nashika kipande na mkono unajua pa kwenda kabla mimi sijafikiri, na nilipomaliza sikuona kama nimeshona chochote. Kazi hii nimeipenda tangu msichana. Kwa mara ya kwanza cherehani ilikuwa inalia na mimi sisikii raha yoyote.

Siku moja ya namna hiyo ndipo Black Swan uliponiingia sawasawa. Ulitoka Januari 17, kabla ya albamu, na nilikuwa nimeusikiliza mara nyingi kama wimbo mzuri wa huzuni. Video yake ya kwanza hawamo wenyewe. Wanacheza wacheza densi wa MN Dance Company ya Slovenia, na mwanzoni kabisa kuna maneno ya mcheza densi Martha Graham kuhusu mcheza densi kufa mara mbili, na kwamba kifo cha kwanza, cha kuacha kucheza, ndicho kichungu zaidi. Wimbo wenyewe ni woga wa mwanamuziki kwamba siku moja muziki hautamtikisa tena. Nilisimamisha cherehani. Nilikaa na barakoa ya kijani mkononi, sindano imezama kwenye kitambaa, nikausikiliza mpaka mwisho bila kufanya kitu kingine. Sijui kama walioutunga walimfikiria fundi wa Morogoro, lakini walichokieleza ndicho hicho nilichokuwa nacho kifuani na sikuwa na jina lake.

Lawama moja tu kwa wimbo huo: kwenye albamu sauti zao zimepitishwa kwenye mashine mno, hadi Jin na V unaweza kuwachanganya. Toleo la okestra lililotumika kwenye ile video linaumiza zaidi, na ningependa ndilo liwe kwenye CD.

Sasa ON. Hapa najua baadhi ya mashabiki wenzangu tutakosana. ON ni wimbo mkubwa. Ngoma za gwaride, kwaya nyuma, Jungkook anapanda juu kwenye lile daraja la wimbo mpaka mtu unashika kichwa. Kwenye video ya kwanza wako na wapiga ngoma wa kikosi cha gwaride cha Blue Devils na wanacheza kama jeshi. Mtu aliyekulia kwenye mitaa ambako harusi inapita na tarumbeta juu ya gari, watoto wanakimbia nyuma, hawezi kushindwa kuhisi ngoma hizo tumboni. Ila tarumbeta haisikilizwi chumbani peke yako. Wimbo huu umeshonwa kwa ajili ya uwanja wenye watu elfu hamsini, na viwanja vikafungwa. Tarehe 28 Februari, wiki moja tu baada ya albamu, maonyesho manne ya Aprili kwenye Uwanja wa Olimpiki wa Seoul yalifutwa, na ziara nzima ya dunia mwishowe ikafutwa pia. Vipindi vya televisheni vya Korea walivitumbuiza mbele ya viti vitupu. Niliviangalia vyote. Wale vijana wanaruka, jasho linatoka, wimbo unaisha, kisha kimya. Sikuwa na mpango wa kwenda Seoul, nauli yenyewe siioni, lakini kimya kile kiliniuma kama vile nilikuwa na tiketi.

Kwa hiyo ON kwangu umebaki wimbo nusu. Si kosa lao. Na toleo lenye mwimbaji Sia, lililopo kwenye mtandao tu, halina analoliongeza. Kwa sisi tulionunua CD hatujakosa kitu.

Kuhusu CD yenyewe. Tuliagiza watu wanne kwa pamoja kupitia wakala wa mizigo wa Dar es Salaam, jina lake naliacha. Kila mmoja alilipa shilingi 90,000. Mzigo ulikwama, ndege zilikuwa hazitembei, hilo nalielewa. Nisichokielewa ni kudaiwa shilingi 15,000 za kuhifadhi mzigo siku ya kuuchukua, bila kuambiwa kabla, na boksi likiwa limebonyea kona kama limekaliwa. Nililia kidogo pale kaunta. Miezi minne unasubiri kitu, halafu unakipokea kimevunjika bega.

Ndani, nashukuru, vilikuwa salama. Albamu hii ilitoka kwa matoleo manne, mimi nilichukua lile la mabawa meusi. Kitabu cha picha ni kikubwa, karatasi nzito isiyong'aa sana, harufu ya wino mpya. Kuna kitabu cha mashairi, postikadi, na fotokadi moja, kadi ndogo ya picha ya mmoja wao, ambayo huchagui, unapewa itakayokuwepo. Nilimwomba Mungu iwe ya Suga. Ikatoka ya Jin.

Mmoja wa wale tulioagiza pamoja aliniambia tubadilishane, yeye alikuwa na ya Suga. Nikamwambia anipe siku moja. Usiku nikasikiliza Moon, wimbo wa Jin peke yake, ambao mpaka hapo nilikuwa naupita. Humo yeye ni mwezi na mashabiki ni dunia. Anazunguka, anasema wote wanamsifu kwa uzuri lakini bahari yake ni nyeusi tupu, mzuri hasa ni dunia. Gitaa linakwenda mbio, furaha tupu, hakuna ujanja wowote. Wakubwa wa kundi huwa hawasifiwi nyimbo zao, na Jin ndiye mkubwa kuliko wote. Mimi ni dada mkubwa kwenye nyumba ya watoto watano. Asubuhi nikampigia yule rafiki nikamwambia samahani, naibakiza. Iko kwenye kopo langu la vifungo, imefunikwa na kipande cha nailoni isishike mafuta ya cherehani.

Friends wa Jimin na V niuseme haraka kwa sababu kila mtu anaupenda na sina cha kuongeza, isipokuwa hivi: humo wanakumbuka waliwahi kugombana kwa sababu ya mandu, vile vinavyofanana na sambusa ila vinaivishwa kwa mvuke. Wawili hao wamezaliwa mwaka mmoja, 1995, mmoja wa Busan mwingine wa Daegu, wakakutana Seoul wakiwa hawamjui mtu. Dunia nzima inawajua, na kwenye wimbo wao wameona kinachofaa kutajwa ni ugomvi wa chakula. Kwangu hicho ndicho kipimo cha urafiki wa kweli kwenye muziki. Inner Child ya V, anapozungumza na mtoto aliyekuwa yeye, nayo ni nzuri ingawa kiitikio chake kinarefuka. Respect ya RM na Suga ina maneno ya maana, kisha mwishoni wanapiga soga tu kama watu wawili waliomaliza kula. Mdogo wangu anakipenda kipande hicho kuliko wimbo.

Niliyokuwa nataka kuyasema hasa ni haya. Wakati wa zile barakoa, nikiwa na CD mezani na chaki mkononi, niligeuza jalada nikahesabu. CD ina nyimbo 19. Toa tano za zamani, zinabaki 14 mpya. Kati ya hizo 14, sita ni za mtu mmoja mmoja na nne ni za wawili, watatu au wanne. Ambazo wote saba wanaimba ni nne tu: Black Swan, Louder than Bombs, ON na We are Bulletproof: the Eternal. Albamu inaitwa 7. Wako saba, wametimiza miaka saba, namba imeandikwa kubwa kwenye jalada, na mara nne tu ndipo wanakuwa saba kwenye nyimbo mpya. Hilo liliniudhi kwa muda mrefu. Niliwapenda kwa sababu ya namna sauti saba tofauti zinavyopokezana, rapa anamkabidhi mwimbaji, mwimbaji anamkabidhi mwenzake, kama kinamama wanavyopokezana mchi kwenye kinu bila kugonganisha. Hapa nilipewa vyumba saba, kila mtu na mlango wake.

Na lililoniuma zaidi ni kwamba nyimbo ninazozipenda sana, 00:00, Moon, Shadow na Friends, ndizo hizo za milango. Kama wangenisikiliza mimi wakaimba wote saba kila wimbo, nisingekuwa nazo.

Juni 2022 walipoketi mezani wakasema kila mmoja atashika kazi zake kwa muda, mashabiki wengi walishtuka. Mimi niliwaza jalada lile. Desemba mwaka huohuo Jin akaingia jeshini, wengine wakafuata mmoja mmoja. Tarehe 21 Juni 2025 Suga alimaliza muda wake wa utumishi, wa mwisho kati yao. Siku hiyo nilitoa CD kwenye boksi lile lililobonyea kona, nikaiweka kwenye redio ya dukani, na sikuruka wimbo. Nilianza na ule wa kwanza. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuja kupunguza sketi, akaniuliza, fundi, hao ni Wachina? Nikamwambia ni Wakorea, mama. Akasema wanaimba kwa furaha. Ilikuwa Boy With Luv.

Hapo nikashtuka. Boy With Luv wapo wote saba. Make It Right, wote saba. Dionysus pia. Persona ni ya RM peke yake na Jamais Vu ni ya watatu, lakini hizo tatu, miongoni mwa zile tano nilizokuwa naziita makapi ya mwaka jana, wote wamo. Nikachukua chaki nikaandika kwenye meza: nne za mpya, tatu za zamani. Saba.

Sijui kama walipanga hivyo. Bado naona zilikaa vibaya pale mbele, zote tano zimerundikwa kama nguo za kupiga pasi, na kama ningekuwa mimi ningezitawanya, Dionysus ningeuweka karibu na ON na Make It Right ningeuweka baada ya Black Swan, ili mtu akitoka kwenye vyumba akute sebule ina watu. Kwenye simu yangu nimeshazipanga hivyo. We are Bulletproof: the Eternal ndio unaofunga, baada ya Ego, kwa sababu humo wanasema walikuwa saba tu na sasa wana sisi, na baada ya hapo mimi huwa sitaki kusikia kitu kingine.

Anayetaka kuinunua leo, achukue toleo lolote, picha zote nne ni nzuri. Aliye na Persona tayari asikilize mtandaoni kuanzia wimbo wa sita kwanza, kisha aamue. Na wakala ulizeni mapema gharama zote, mpaka ya kuhifadhi, mwandikiane. Mama wa sketi alirudi wiki iliyofuata na gauni la mjukuu wake. Kabla hajakaa akasema, fundi, weka wale vijana wako.